Kubebewa mimba ng'ambo: sheria ya kila nchi tuipime siku mambo yanapoharibika

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mjadala wa wanandoa kubebewa mimba na mwanamke mwingine nimeufuatilia kwa muda mrefu, na kila mara unaishia palepale. Kundi moja linasema ni biashara ya watu, jingine linasema ni msaada kwa wasiojaliwa kuzaa, kisha yanaanza matusi. Leo naomba tuusogeze mbele.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Zipo namna mbili. Ya zamani, mbebaji anatumia yai lake mwenyewe, kwa hiyo mtoto ni damu yake. Ya sasa, iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na ndiyo imetawala, yai linatoka kwa mke au kwa mchangiaji, linarutubishwa maabara, kisha kiinitete kinapandikizwa kwa mbebaji asiye na undugu wa damu na mtoto. Kwa namna hii mtoto mmoja anaweza kuwa na watu watano: mwenye yai, mwenye mbegu, aliyebeba, na wawili watakaomlea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Siku ya kusaini mkataba kila mtu anatabasamu na kila sheria inaonekana nzuri. Mimi sheria naipima siku mtoto anapozaliwa na ulemavu, wanandoa wanapoachana mimba ikiwa kubwa, mipaka inapofungwa, au mbebaji anapovuja damu. Siku hiyo nani anabaki na nini? Kwa kipimo hicho nchi nyingi zimefeli, zinazoruhusu na zinazokataza.

Chukueni India. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifungua mlango kwa wageni bila sheria yoyote ya kueleweka, na mji mdogo wa Anand, jimbo la Gujarat, ukajulikana dunia nzima. Wabebaji walikaa kwenye mabweni ya kliniki miezi yote ya mimba, mbali na watoto wao wa kuwazaa. Mwaka 2008 wanandoa kutoka Japani walikuwa na mimba yao huko, yai likiwa la mchangiaji asiyejulikana jina. Mwezi mmoja hivi kabla ya mtoto kuzaliwa, wakaachana. Mke akajitoa. Baba alimtaka mtoto, lakini Japani ilimtambua kuwa mama yule tu aliyezaa, India haikujua iandike jina gani kwenye nafasi ya mama, na sheria ya huko haikumruhusu mwanamume asiye na mke kuasili mtoto wa kike. Kichanga kile kilikuwa na wanawake watatu ambao kila mmoja angeweza kuitwa mama yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mama mbele ya sheria. Bibi mzaa baba ndiye aliyesafiri kwenda kumlea India huku kesi ikipanda hadi Mahakama ya Juu. Mwishowe mtoto aliondoka na karatasi ya utambulisho isiyotaja uraia wala jina la mama.

Mwaka huohuo 2008 walizaliwa Gujarat mapacha wa baba Mjerumani. Ujerumani inakataza jambo hili, ikakataa kuwatambua. India nayo ikasema wao ni watoto wa mgeni. Mapacha wakakaa zaidi ya miaka 2 bila nchi hata moja, mpaka 2010 njia ya kuasili ilipopatikana. Nani aliwakosea watoto wale? Kila ofisi ilifuata sheria yake neno kwa neno.

Naendelea chini.

Mleta mada

Thailand, 2014. Hii wengi wenu mliisikia. Mwanamke wa miaka 21, mama wa watoto wawili, alikubali kubeba mimba ya wanandoa wa Australia. Ikawa mapacha. Vipimo vikaonyesha mmoja, wa kiume, ana hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa nao unaogusa akili na ukuaji. Alishauriwa atoe mimba ya yule mmoja, akakataa kwa sababu ya imani yake ya Kibuddha. Mtoto wa kike alichukuliwa, wa kiume akabaki na mbebaji, akiwa na tatizo la moyo juu ya hali yake. Dunia ikalipuka kwa hasira. Baadaye mahakama ya Australia Magharibi, mwaka 2016, ilisema wanandoa wale hawakumtelekeza, kwamba mbebaji alimpenda na kutaka kubaki naye. Sawa, tuchukue maneno ya jaji. Ila katika sakata hilohilo ilijulikana pia kwamba yule baba alikuwa na hukumu za zamani za kuwadhalilisha watoto kingono. Kliniki haikumchunguza, wakala hakuuliza, na sheria ya kuwalazimisha haikuwepo. Anayetaka kuasili mtoto huchunguzwa nyumba, kipato na rekodi ya polisi. Huyu alitakiwa awe na pesa tu.

Halafu angalieni kilichofuata, maana hapa ndipo ninapotaka tuzame. India ilibana viza mwishoni mwa 2012, ikataka mume na mke waliooana rasmi, wateja wengi wakahamia Thailand. Thailand ikafunga mlango kwa wageni 2015. Nepal ilikuwa imeruhusu wageni kwa sharti kwamba mbebaji asiwe Mnepali, kwa hiyo wanawake wa Kihindi wakavushwa mpaka. Aprili 2015 tetemeko likaipiga Nepal, na Israeli ikawaondoa kwa ndege watoto wachanga zaidi ya 20 waliozaliwa kwa mpango huo. Wengi wa waliowazaa walibaki kwenye mji uliobomoka, baadhi wakiwa bado na vidonda vya uzazi. Nepal ikafunga mwaka huohuo. Kazi ikahamia Kambodia, nayo ikapiga marufuku 2016. Mwaka 2018 polisi wa Phnom Penh wakawakamata wanawake zaidi ya 30 wajawazito, wakashtakiwa kwa biashara ya binadamu, na wakaachiwa kwa sharti la kuwalea watoto wale mpaka wakue. Yaani mwanamke aliyekubali kubeba kwa sababu ya umaskini akahukumiwa kulea mtoto asiye wa damu yake kwa umaskini uleule.

Desemba 2024 Kambodia iliwahukumu Wafilipino 13 wajawazito kifungo cha miaka 4, ndipo mfalme akawasamehe na wakarudishwa kwao. Waliowalipia safari hawakuwa nao kizuizini.

Marufuku ya nchi moja haijaimaliza biashara hii. Inaihamishia kwa maskini wa jirani.

Huru Daima

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna kitu kinanikera. Mbona mnamfanya mwanamke kama hana akili? Mtu anashuka mgodini, anajua mgodi unaua, na hakuna anayesema anyimwe kazi. Mwingine anakwenda vitani kwa mshahara. Huyu akisema nitabeba mimba miezi tisa nijenge nyumba, nisomeshe wanangu, ghafla kila mtu anamhurumia. Huruma hiyo ilikuwa wapi alipokuwa analala njaa?

Mleta mada

Kaka, hoja yako naiheshimu, na la huruma inayochelewa nakubaliana nawe kabisa.

Lakini mchimbaji jioni anatoka mgodini. Akiumwa anaweza kuacha kazi siku hiyohiyo. Mbebaji hatoki. Mikataba mingi ya biashara hii imegusa alale wapi, ale nini, asafiri au asisafiri, akutane na mumewe au la, vipandikizwe viinitete vingapi, na mimba ipunguzwe nani akiamua. Mimi sina shida na hiari yake ya siku ya kwanza. Nauliza hiari yake ya mwezi wa tano iko wapi.

Na hili lina jibu, si kwamba haliwezekani. Jimbo la New York lilihalalisha mwaka 2021, na sheria yake inasema maamuzi yote ya afya ya mbebaji ni yake mwenyewe, ikiwemo kuendelea na mimba au kutoendelea. Anapewa mwanasheria wake, si wa kliniki, na wazazi watarajiwa ndio wanaomlipa. Bima yake ya afya inaendelea mwaka mzima baada ya kujifungua, na ya maisha ipo. Sasa linganisha na mwanamke wa Anand wa 2008 aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya lugha asiyoisoma. Wote wawili tunasema "walikubali".

Mkunga wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, niongee la wodini tu.

Mimba ya yai la mtu mwingine si sawa na mimba yako. Mwili unakipokea kitu kigeni kabisa, na tunaona presha ya mimba zaidi kwenye mimba hizi. Utafiti mkubwa wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa 2024, ulichambua uzazi zaidi ya 800,000 wa mtoto mmoja mmoja. Waliopata matatizo makubwa, kama kuvuja damu nyingi, presha kali ya mimba na maambukizi baada ya kujifungua, walikuwa asilimia 2.3 kwa waliopata mimba wenyewe, asilimia 4.3 kwa waliopandikizwa mimba zao, na asilimia 7.8 kwa waliobebea wengine. Hiyo ni Kanada, yenye hospitali za uhakika. Mkipeleka jambo hilohilo mahali ambapo damu ya kuongezewa ni ya kutafuta, hesabuni wenyewe.

Juu ya hapo weka tabia ya kupandikiza viinitete viwili au vitatu ili "wasikose". Mapacha kwa mteja ni furaha mara mbili. Kwa mbebaji ni hatari inayoongezeka: mtoto njiti, kisu, damu. Na ukisikia upasuaji umepangwa kufuata tiketi ya ndege ya wageni, ujue tumbo hilo halina mtetezi.

Kuna jambo jingine silioni likijadiliwa. Maziwa. Siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua maziwa yanakuja, mtoto awepo asiwepo. Matiti yanajaa yanakuwa magumu kama jiwe, homa inapanda, nguo inalowa kila anaposikia kichanga cha kitanda cha pili kinalia. Mwili haujui kwamba kulikuwa na mkataba. Kwa aliyefiwa na mtoto tunajua la kufanya, tunamvalisha sidiria inayoshika matiti vizuri, tunampa dawa ya kukausha, tunakaa naye. Huyu je? Anarudishwa nyumbani siku ya tatu, na kule nyumbani pengine amewaambia majirani alikuwa kazini mbali. Atamwambia nani kifua kinamuuma?

Mtu yeyote anayepanga jambo hili amuulize wakala wake swali hili moja: baada ya kujifungua mnamtunza siku ngapi, na nani? Jibu litawaonyesha mengine yote.

Natafuta Nuru

Nimesoma yote kimyakimya, nikasema nami niandike.

Nilitolewa mfuko wa uzazi baada ya kuvuja damu nikijifungua. Mtoto hakuishi. Mayai yangu yapo, mume wangu yupo, wametuambia viinitete vinaweza kutengenezwa. Kinachokosekana ni mahali pa kuviweka. Kila nikigusia, jibu ni moja: "asili mtoto". Wanasema kirahisi kama vile watoto wa kuasili wapo wanasubiri mlangoni, na kama vile sijawahi kuwaza. Kutamani mtoto wa damu yangu si uroho. Watu wote mnaoniambia niasili mmezaa wenyewe.

Lakini Dada Mkunga ameniliza. Nimeingia kwenye kurasa za kliniki za nchi mbalimbali, na kote kuna vifurushi. Cha bei ya chini, cha kati, cha hadhi. Vingine vina "uhakika wa mtoto", ukikosa unarudishiwa pesa. Kuna picha za wazazi wakilia kwa furaha, kuna picha ya kichanga. Mwanamke aliyebeba haonekani, na akionekana ni tumbo tu, limekatwa kichwa. Nikajiuliza, huyo ndiye atakayenipa kitu ambacho mimi kilitaka kuniua kukipata, na sitajua hata jina lake?

Mleta mada, wewe ungekuwa mimi ungeangalia nchi gani?

Mleta mada

Dada, pole sana. Pole kwa mtoto na pole kwa maneno ya watu. Hamu yako haina haja ya kutetewa mbele ya yeyote humu.

Sikuchagulii nchi, ila nakuonyesha moja ya kuiangalia kwa macho mawili. Ukraine iliruhusu kwa wanandoa wa mume na mke wenye sababu za kitabibu, na sheria yake inawatambua wazazi watarajiwa tangu mwanzo, kwa hiyo ikawa kimbilio la Ulaya. Mei 2020, mipaka imefungwa kwa korona, kliniki moja ikatoa video ya ukumbi wa hoteli mjini Kyiv: vitanda vidogo vimepangwa mistari, vichanga 46, wauguzi wakizunguka kuwalisha na kuwabembeleza, na wazazi wako Uhispania, Italia, China na kwingine hawawezi kuingia. Watu walioitazama waligawanyika. Mimi niliona watoto waliopendwa na kusubiriwa, na wakati huohuo niliona ghala. Miaka 2 haijapita, vita. Vichanga vikahamishiwa chini ya jengo, wauguzi wakabaki nao mabomu yakipiga mji.

Sasa sikiliza la mbebaji. Aliyetaka kukimbilia Poland na mimba yake na watoto wake alikuwa na tatizo: Poland inamtambua aliyezaa kuwa ndiye mama. Akijifungua kule, karatasi zote zinaharibika. Kwa hiyo wapo walioombwa wabaki au warudi Ukraine wakajifungulie huko, ili cheti kitoke sawa. Ule wepesi wa sheria uliowavutia wazazi ulimbana yeye vitani.

Ustadhi

Assalaam alaykum. Kwa upande wa dini niweke sawa kwa kifupi, maana naona watu wananukuu nusu nusu.

Wanazuoni wa Kisuni kwa wingi wao wamekataza. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Amman mwaka 1986 likakubali upandikizaji wa mimba kati ya mume na mke wake tu, na likakataza kuingiza mtu wa tatu, iwe kwa yai, mbegu au tumbo. Kabla ya hapo baraza la Makka liliwahi kuruhusu pale mbebaji anapokuwa mke mwenza wa mume huyohuyo, kisha likaondoa ruhusa hiyo mwaka 1985, kwa kuchelea kutojulikana mtoto ni wa yupi. Hoja kubwa ni nasaba, yaani ukoo wa damu, na aya ya pili ya Suratul Mujadila inayosema mama ni aliyezaa. Upande wa Shia, Iran hasa, wapo wanazuoni walioruhusu na kliniki zinafanya kazi.

Mimi nashikamana na katazo. Ila dada yetu hapo juu asihukumiwe kwa kuuliza. Mtihani wake ni mzito.

Mleta mada

Ahsante shekhe. Kwa Wakristo, Papa Francis Januari 2024 aliwaambia mabalozi kwamba jambo hili lipigwe marufuku dunia nzima. Wengine hutaja Sara na Hajiri, mjakazi aliyezaa kwa niaba yake, kuonyesha kwamba ni la kale na Biblia imeliandika. Wasome mpaka mwisho. Sara alipopata wa kwake, Hajiri na mwanawe walifukuzwa kwenda jangwani, mkononi ana mkate na kiriba cha maji. Mwanzo sura ya 21.

Sheria Msumeno

Basi si dawa ni kufunga kote kama Italia? Wale hawana mchezo.

Mleta mada

Italia ilikataza tangu 2004 kwa nchi yake, na Oktoba 2024 Seneti ikapitisha sheria ya kumshtaki hata raia aliyefanya nje, kule kunakoruhusiwa. Kifungo hadi miaka 2, faini kati ya yuro 600,000 na milioni 1. Naelewa wanachokitaka. Swali langu ni lilelile: mtoto aliyekwisha kuzaliwa anafanywaje?

Kuna kesi ya Italia yenyewe. Wanandoa walirudi kutoka Urusi mwaka 2011 na mtoto wa miezi michache. Walidhani mbegu ni ya mume, vipimo vikaonyesha hapana, mtoto hana damu ya yeyote kati yao. Serikali ikamchukua, ikampeleka kwa walezi wengine. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa jopo lake kuu la majaji, ikasema Italia haikuvunja haki za wanandoa hao. Kisheria naifuata hoja, wasingeachwa waivuke sheria kisha wasamehewe. Ila mtoto aliyeshazoea sauti na harufu ya watu wawili alitolewa mikononi mwao akapelekwa kwa wageni, na yeye hakuwa ameivunja sheria yoyote.

Mahakama hiyohiyo mwaka 2014 ilikuwa imeiambia Ufaransa, kwenye kesi ya mapacha waliozaliwa California, kwamba inaweza kukataza jambo hili kwake, lakini haiwezi kumnyima mtoto kutambuliwa na baba yake wa damu. Hapo nipo nao. Katazeni wakala, mfungeni dalali, ila cheti cha mtoto kiandikwe.

Mama Watatu

Mimi naona suluhisho ni kusiwe na malipo. Mtu abebe kwa upendo tu, kama dada kwa dada. Pesa ndiyo inayoharibu.

Mleta mada

Dada, nilikuwa na wazo hilo, na Uingereza ilipita njia hiyo. Januari 1985 mwanamke mmoja alijifungua kwa malipo ya pauni 6,500, magazeti yakachachamaa, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kukataza biashara hii. Mpaka leo pale mbebaji ndiye mama mpaka mahakama ihamishe, anarudishiwa gharama za maana tu, na mkataba hauwezi kulazimishwa mahakamani. Kanada nayo inakataza malipo tangu 2004, adhabu ikifika miaka 10 jela. India baada ya yote yale ikapitisha sheria ya 2021: bure, mara moja tu maishani, mbebaji awe na mtoto wake na umri wa miaka 25 hadi 35, bima ya miezi 36.

Lina uzuri wake. Lakini angalia nani analipwa hata pale panapoitwa bure. Daktari analipwa, maabara inalipwa, mwanasheria na mwenye hoteli wanalipwa. Anayeambiwa afanye kwa upendo ni mmoja tu, na ndiye anayevuja damu. Na usidhani ndugu hawalazimishani. Mke mdogo wa ukoo, asiye na kipato, akiombwa na shemeji zake wenye nyumba anayoishi, atasema hapana kwa mdomo gani? Shinikizo la ukoo halina risiti, kwa hiyo hakimu halioni.

Kinachonishawishi mimi zaidi ya suala la malipo ni swali la *lini* mahakama inaingia. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Watoto ya 2005, sehemu ya mambo haya ikianza kazi 2010, mkataba unathibitishwa na Mahakama Kuu *kabla* ya kiinitete kupandikizwa. Jaji anaangalia mbebaji ni nani, ana mtoto wake aliye hai, anaelewa anachokiingia, hafanyi kama chanzo cha mapato, na wazazi wanafaa kulea. Angalau mmoja wao lazima awe na damu na mtoto, na sharti hilo Mahakama ya Katiba ililithibitisha 2016, majaji wakiwa wamegawanyika. Wageni wa kupita hawaingii. Ugiriki nayo inataka kibali cha jaji kabla, Israeli ina kamati ya serikali tangu 1996. Nchi hizi nazo zina malalamiko yake, siwezi kusema ni paradiso. Ila mtoto anazaliwa akiwa na wazazi wanaojulikana, na mtu asiye wakala amekwisha kumtazama mbebaji usoni na kumuuliza.

Yule baba wa Australia asingepita kwa jaji wa namna hiyo.

Huru Daima

Hapo umenipata kidogo. Na watoto wenyewe wakikua? Kuna aliyewafuatilia?

Mleta mada

Yupo. Profesa Susan Golombok wa Cambridge na wenzake waliwafuata watoto wa Uingereza waliozaliwa kwa kubebewa, kwa yai la kuchangiwa na kwa mbegu za kuchangiwa, tangu wachanga hadi miaka 20. Matokeo ya 2023: wako vizuri kama wenzao, uhusiano na wazazi mzuri. Walioambiwa mapema, kabla ya kuanza shule, ndio mambo yao yalikuwa mepesi zaidi. Lakini wale ni watoto wa Uingereza ambao wengi wangeweza kumjua aliyewabeba. Mtoto aliyebebwa na mwanamke aliyevushwa mpaka, yai la mchangiaji asiye na jina, kliniki imeshafungwa na mafaili hayapo, akifika miaka 20 akiuliza, ataulizia wapi? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unampa haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Katika mambo yote ya uzi huu, hili la kumbukumbu kutunzwa ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa.

Natafuta Nuru

Nashukuruni. Nimeandika maswali ya Dada Mkunga kwenye daftari. Swali la mwisho: nianzie wapi, kwa kliniki au kwa nani?

Mleta mada

Anza kwa mwanasheria wa nchi yako, kabla ya kliniki yoyote, na usilipe hata malipo ya awali. Muulize mambo haya: nikirudi na mtoto, cheti cha kule kitakubaliwa? Mimi nitaandikwa mama au itabidi nimuasili mwanangu mwenyewe? Mume wangu akifariki mimba ikiwa njiani, mtoto anarithi? Mbebaji akibadili mawazo, nchi yetu inamsikiliza nani? Wakala wa kule atakujibu yote "hakuna shida", kwa sababu kazi yake inaishia uwanja wa ndege.

Usitegemee kwamba mkataba wa kimataifa utakusaidia. Mkutano wa The Hague wa Sheria Binafsi za Kimataifa uliunda kundi la wataalamu wa suala hili 2015, na hadi leo hakuna mkataba uliosainiwa, maana nchi zinazoita hili uhalifu na zinazoliita tiba zinakaa meza moja.

Kisha, ukipata nchi na kliniki, omba kuonana na mbebaji mwenyewe, awe na mkalimani mliyemleta ninyi, wakala akiwa nje ya chumba. Wakikataa hilo, ondoka.